Si kila chema hujiuza: Maisha ya Larry Levan

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wetu wameitungia insha zisizo na idadi, na ni nadra kumpata anayethubutu kuipinga. Mimi leo nakusudia kuipinga, au walau kuipunguza makali, kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye sifa yake haikutokana na kuimba wala kupiga ala. Kazi yake ilikuwa kuzipenda nyimbo za wenzake na kuwafanya watu wengine wazipende. Nyingi katika nyimbo hizo zilikuwa chema ambacho hakikujiuza. Zilihitaji mtu wa kuzitembeza.

Mtu huyo ni marehemu Larry Levan, mcheza santuri wa jiji la New York, Marekani, aliyefariki mwaka wa 1992 akiwa na umri wa miaka 38 tu. Vijana humwita mtu wa kazi hiyo DJ. Najua kwamba mbele ya walimu wengi, na wazazi pia, jina hilo halina heshima kubwa. Huonekana kuwa ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, anayejipatia sifa kwa jasho la watunzi na waimbaji. Namwomba msomaji mwenye fikira hizo anivumilie hadi mwisho, kisha aamue.

Levan alizaliwa tarehe 20 Julai 1954 huko Brooklyn, akaitwa Lawrence Philpot. Jina la Levan alilokuja kujulikana nalo lilikuwa la ukoo wa mama yake. Alizaliwa na moyo wenye kasoro, na tangu utotoni alisumbuliwa na pumu, hata mara nyingine akawa anazirai darasani. Mtoto wa namna hiyo hawezi kushindana na wenzake katika mbio wala kandanda. Lakini mama yake, Minnie, alikuwa mpenzi mkubwa wa nyimbo za bluzi, za jazi na za Injili, na nyumba yao haikukosa santuri. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alipofikia umri wa miaka mitatu alikuwa tayari anajua kuiweka santuri kwenye mashine na kuiteremsha sindano yake. Mama alimtuma afanye hivyo ili mama na mwana wapate kucheza pamoja.

Hapana budi tulitie jambo hilo akilini, maana ndilo msingi wa yote yaliyofuata. Mtoto huyu hakujifunza muziki kwa kujifungia chumbani. Tangu mwanzo aliwekea wimbo mtu mwingine, akamtazama usoni aone kama umemfurahisha. Kizuri kula na nduguyo, nasi waja twajua kwamba kizuri hicho si chakula peke yake.

Shuleni mambo hayakumwendea vyema. Alipokuwa katika shule ya upili ya Erasmus Hall alizipaka nywele zake rangi ya chungwa, na wenzake wakamdhihaki na kumwonea. Hatimaye aliyaacha masomo. Sisemi haya ili kuwasifia wanaoacha shule, bali nayasema kwa sababu ndivyo yalivyokuwa, na kwa sababu kila mwalimu ana mtoto mmoja wa aina hiyo katika darasa lake, ambaye akili yake imelala mahali ambapo mtihani haufiki. Levan alijitumbukiza katika mashindano ya mavazi ya Harlem, ambamo wanaume walijipamba kwa nguo za kike, akawa anawashonea washindani nguo zao. Katika maisha hayo alimpata rafiki wa kufa na kuzikana, kijana wa mtaa wa Bronx aliyezaliwa mwaka wa 1955, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Frankie Knuckles.

Wakati huo New York ilikuwa na mwalimu wa namna yake, David Mancuso, aliyezaliwa mwaka wa 1944 na kulelewa katika kituo cha mayatima. Katika kituo hicho mtawa mmoja alikuwa akiwakusanya watoto chumbani na kuwachezea santuri. Tarehe 14 Februari 1970 Mancuso aliwaalika marafiki nyumbani kwake, katika barabara ya Broadway, akawachezea nyimbo alizozipenda. Karamu hizo zikajulikana kwa jina la The Loft. Hapakuuzwa pombe. Watu hawakutakiwa wafahamike mjini wala wawe na mali, maadamu walikuwa wamealikwa. Baadaye Mancuso alifikia msimamo wa kutouchanganya wimbo mmoja na mwingine. Aliuacha kila wimbo uanze na umalizike kama mwenyewe alivyoutunga. Aliamini kwamba kazi yake ni kutoa, na kwamba hana haki ya kumkata mwenzake kauli.

Nitatoa mfano mmoja wa nguvu ya msikilizaji huyo, kwa kuwa unatugusa sisi Waafrika. Mwaka wa 1972 mwanamuziki wa Cameroon, Manu Dibango, alitoa santuri iliyokuwa na wimbo wa kuyapamba mashindano ya kandanda ya Kombe la Mataifa ya Afrika, yaliyofanyika nchini mwake. Upande wa pili wa santuri hiyo, ule ambao kwa kawaida hautazamiwi mengi, ulikuwa na wimbo wa Soul Makossa. Mancuso aliiokota santuri hiyo katika duka la wahamiaji wa visiwa vya Karibi huko Brooklyn, akaupiga wimbo huo nyumbani kwake, na wageni wake wakapagawa. Mtangazaji Frankie Crocker wa redio ya WBLS akaupeleka hewani. Santuri zenyewe zilikuwa chache mno, hivyo wanamuziki kadhaa wa Marekani wakaharakisha kuuiga kabla wenyewe haujachapishwa huko kwa wingi. Mwaka wa 1973 wimbo wa Mkameruni ukaingia katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani. Je, chema hicho kilijiuza? Kingejiuzaje, nacho kimelala upande wa pili wa santuri, ndani ya sanduku la duka la mtaani, ng'ambo ya bahari?

Levan na rafiki yake Knuckles walikuwa miongoni mwa vijana waliozihudhuria karamu hizo wakiwa wangali wadogo. Aidha, walifanya kazi ya kupamba ukumbi wa The Gallery, uliokuwa wa Nicky Siano, mcheza santuri mwingine hodari wa wakati huo. Kwa Mancuso, Levan alijifunza kuuheshimu wimbo na kuijali sauti yake isikike safi. Kwa Siano alijifunza kuziunganisha nyimbo ili wachezaji wasipate mwanya wa kukaa chini. Hatimaye akapata kazi ya kuongoza taa katika hamamu iliyoitwa Continental Baths, chini ya hoteli moja ya Manhattan. Mcheza santuri wa hapo alipoondoka ghafla, Levan alitakiwa akalete santuri zake na kuishika nafasi hiyo usiku uleule. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini.

Inafaa hapa tueleze kumbi hizo zilikuwa za nani. Muziki wa disko, ambao baadaye ulienea duniani kote na kutufikia hata sisi, ulilelewa na Watu Weusi, na Walatino, na wanaume waliopendana na wanaume wenzao, ambao Levan alikuwa mmoja wao. Katika Marekani ya miaka hiyo watu hao walikuwa na mahali pachache mno pa kukutana bila ya kudhihakiwa au kusumbuliwa na polisi. Kwa hiyo mtu aliyewachagulia nyimbo hakuwa akiwaburudisha tu. Kwa saa chache kila juma, aliwapa nchi.

Nchi hiyo ilipata jengo. Michael Brody, ambaye Levan alikuwa amemchezea santuri katika ukumbi wa barabara ya Reade, alilikodi jengo la kuegeshea magari katika barabara ya King, nambari 84. Ukumbi huo uliitwa Paradise Garage, yaani Gereji ya Peponi. Karamu za kwanza zilifanywa mwaka wa 1977, ujenzi ukiwa bado unaendelea, na ufunguzi rasmi ukafuata mwaka wa 1978. Mtu aliingia kwa kupanda mteremko uleule ambao zamani magari yalipandia. Ulikuwa ukumbi wa wanachama. Pombe haikuuzwa, palikuwa na maji na matunda. Watu walicheza kuanzia usiku wa manane mpaka jua lilipokuwa juu, na wenye ibada ya kuhudhuria wakauita Misa ya Jumamosi.

Kwa kawaida ukumbi hujengwa, kisha akatafutwa mcheza santuri. Huu ulijengwa kwa ajili ya Levan. Mtaalamu wa sauti Richard Long alitengeneza mitambo yake, na Levan akawa naye bega kwa bega, akihamisha spika huku na huko, akisikiliza, akihamisha tena. Hata baada ya ukumbi kufunguliwa hakuacha. Inasimuliwa kwamba alianza usiku kwa sindano za bei nafuu, na kadiri usiku ulivyokomaa akazibadilisha kwa zilizo bora zaidi, ili masikio ya watu yapande ngazi pamoja naye bila ya kujua. Yasimuliwa pia kwamba mara nyingine, ukumbi ukiwa umefurika, aliacha kila kitu, akapanda ngazi kwenda kuyapangusa mapambo ya vioo yaliyoning'inia juu, kwa kuwa ameona yana vumbi. Wachezaji walimsubiri. Walijua kwamba mtu anayeudhika kwa sababu ya vumbi hawezi kuwatilia wimbo mbovu.

Alipiga nini? Hapo ndipo ustadi wake ulipo. Zilikuwapo kumbi za disko zilizopiga disko peke yake, na kumbi za roki zilizopiga roki peke yake, na kila kundi likadharau muziki wa jirani. Levan hakuitambua mipaka hiyo. Alipiga nyimbo za Injili zilizoimbwa na kwaya za makanisa, akafuatisha na The Clash, vijana wa Uingereza waliosifika kwa makelele ya magitaa. Alimpiga Yoko Ono, mjane wa John Lennon, ambaye wapenzi wengi wa muziki walikuwa wakimcheka. Aliwapiga Kraftwerk wa Ujerumani, waliotengeneza muziki kwa mitambo ya umeme mitupu. Alimpiga pia Manuel Göttsching, Mjerumani mwingine, ambaye mwaka wa 1984 alitoa wimbo mmoja wa gitaa na vinanda vya umeme wenye urefu wa karibu saa nzima, usio na mwimbaji. Ni nani angethubutu kuwachezesha watu zaidi ya elfu moja kwa wimbo kama huo? Levan alithubutu, nao wakacheza. Hakuuliza wimbo umetoka kundi gani, bali una kitu gani ndani yake.

Ujasiri huo ulikuwa na thamani zaidi kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yakitokea nje ya ukumbi. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa mchezo wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji mmoja wa redio aliwaalika mashabiki walete santuri za disko ili zilipuliwe kwa baruti kati ya mechi mbili. Walikuja makumi ya maelfu. Santuri zikalipuliwa, mashabiki wakauvamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Ni kweli kwamba kampuni zilikuwa zimeifuja disko kwa kutoa nyimbo dhaifu kila uchao. Hata hivyo, wengi walioshuhudia siku hiyo waliona kwamba si muziki tu uliokuwa ukichomwa, bali pia watu walioulea. Baada ya hapo kampuni kubwa zikalikimbia hata jina lenyewe la disko. Levan aliendelea kupiga aliyoyapenda, kana kwamba hakuna aliyetangaza mazishi.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinafaa kusimuliwa katika kila chuo cha ualimu. Mwaka wa 1981 kampuni ndogo ya West End ilitoa wimbo wa Heartbeat, uliotungwa na Kenton Nix na kuimbwa na Taana Gardner, nao ukapangwa na Levan kwa ajili ya kumbi za densi. Wimbo huo ulikuwa wa polepole. Nyimbo za disko zilizoea kwenda kwa midundo mia na ishirini au zaidi kwa dakika, ilhali huu haukufika hata mia moja. Besi yake ilitembea kama mtu mzito anayepanda ngazi. Waliokuwapo wanasimulia kwamba Levan alipoupiga kwa mara ya kwanza uwanja wa densi ulibaki mtupu; watu walikwenda zao kula matunda. Mcheza santuri wa kawaida angetahayari, akauondoa upesi, akarejesha wimbo uliozoeleka. Levan hakuuondoa. Aliurudia tena, na tena, na haukupita muda mrefu kabla ya watu walewale waliouhama uwanja kuwa wakiupigia mayowe kila waliposikia mdundo wake wa kwanza.

Wimbo huo ulienea. Na ikiwa msomaji anadhani kwamba hajapata kuusikia, nina habari kwa ajili yake. Mwaka wa 1994 mwimbaji wa Jamaika, Ini Kamoze, alishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa wimbo wa Here Comes the Hotstepper, ambao hata huku kwetu vijana waliucheza. Besi inayoubeba wimbo huo ni ileile ya Heartbeat, ile iliyowafukuza watu uwanjani usiku wa kwanza.

Hebu tutafakari. Wimbo haukubadilika kati ya usiku wa kwanza na usiku waliopoupenda. Santuri ilikuwa ileile na sauti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni masikio. Na masikio hayakubadilika yenyewe; yalibadilishwa na mtu ambaye aliusikia uzuri kabla ya wengine, akakubali kuonekana mjinga kwa muda mpaka wengine wamfikie. Kuna mwalimu wa fasihi asiyekijua kisa hiki? Ni nani hajapata kuingia darasani na shairi zuri la arudhi, akauona uwanja ukihamwa huku miili ya wanafunzi ikiwa imebaki vitini? Swali ni kama kesho yake alirudi na shairi lilelile.

Kazi ya Levan haikuishia ukumbini. Alizipanga upya nyimbo nyingi katika studio, akizirefusha, akiitoa sauti hii ili ile ipate kupumua. Moja ya kazi zake za mwanzo, mwaka wa 1978, ilikuwa ya wimbo wa kuchekesha wa mnyama mla biskuti katika kipindi cha televisheni cha watoto. Wala hakuona haya. Wimbo wa Instant Funk alioupanga ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Watu Weusi wa Marekani mwaka wa 1979. Mwaka wa 1982 alitoka na kundi lake la Peech Boys, na mwaka wa 1983 zikatoka nyimbo za Gwen Guthrie alizozipanga upya, ambazo wapigaji wake walikuwa Wajamaika mashuhuri, Sly Dunbar na Robbie Shakespeare. Ukizisikiliza kazi hizo utatambua kwamba mkono wake ni wa msikilizaji: aliacha nafasi, akaacha kimya, mahali ambapo wengine wangejaza.

Tena aliyoyapenda hayakubaki ndani ya kuta zile. Crocker, yule mtangazaji aliyeupeleka hewani wimbo wa Dibango, alikuwa akifika ukumbini kusikiliza, na wimbo uliompendeza akaupeleka redioni. Wachezaji walitoka asubuhi, jasho halijakauka, wakaenda moja kwa moja katika maduka ya santuri ya karibu kuuliza jina la wimbo uliopigwa alfajiri. Wacheza santuri wengine walifika kujifunza. Naye rafiki yake Knuckles alikuwa amehamia Chicago mwaka wa 1977, kwenda kuongoza ukumbi wa Warehouse, kazi ambayo kwanza Levan mwenyewe alipewa akaikataa. Kutokana na jina la ukumbi huo wa Chicago, muziki uliozaliwa huko miaka ya themanini ukaitwa house, na kutokana na ukumbi wa Levan tawi jingine likaitwa garage. Sehemu kubwa ya muziki wa densi wa vinanda vya umeme ambao vijana wa leo huusikiliza duniani kote inautambua ukoo wake kwa marafiki hawa wawili waliokuwa wakipamba kumbi za watu.

Nisije nikaonekana kuwa nimeandika sifa tupu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Levan alisifiwa mno. Kadiri miaka ilivyopita alizoea kuchelewa. Mara nyingine alipiga wimbo mmoja kwa saa nzima, si kwa kuwa wimbo wahitaji hivyo, bali kwa kuwa anajua hakuna wa kumwambia basi. Zaidi ya hayo, aliingia katika dawa za kulevya, hasa heroini, ambazo hazikumwachilia tena. Mtu aliyejaliwa sikio la kutambua mlio mmoja hafifu katika kelele ya maelfu hakuweza kuusikia moyo wake mwenyewe, ambao ulikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa.

Nao wakati ulikuwa mgumu. Ugonjwa wa UKIMWI uliingia New York katika miaka hiyo ya themanini, na ukumbi ukawa kila juma unapungukiwa na nyuso. Brody mwenyewe aliugua. Muda wa kulikodi jengo ulipokwisha, mwishoni mwa Septemba 1987, ukumbi ulifungwa kwa karamu iliyoendelea kwa takriban saa arobaini na nane. Brody alifariki kabla ya mwaka huo kwisha.

Baada ya hapo Levan alikuwa kama nahodha aliyebaki bila jahazi. Alipiga hapa na pale, lakini hapakuwa na mahali alipopajenga kwa sikio lake. Ili kupata fedha za heroini alianza kuziuza santuri zake. Fikiria jambo hilo, ndugu msomaji. Zile ndizo zilizokuwa maktaba yake, kumbukumbu yake na jina lake. Marafiki walikuwa wakizikuta madukani, wakazinunua na kumrudishia, naye akaziuza tena. Walioneemeka kwa ukarimu wake walijaribu kumrudishia ukarimu huo, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu ya kushika.

Mwaka wa 1991 ukumbi wa Ministry of Sound ulifunguliwa mjini London kwa kuiga mfano wa Paradise Garage. Levan alialikwa, akafika kwa kuchelewa kama desturi yake, akakaa kwa miezi kadhaa akisaidia kuirekebisha mitambo ya sauti. Mwaka wa 1992 alizuru Japani pamoja na mcheza santuri mwenzake, François Kevorkian, na waliomsikia huko walishuhudia kwamba ustadi wake ulikuwa haujamtoka. Alirudi New York akiwa dhaifu. Tarehe 8 Novemba 1992 alifariki kwa maradhi ya moyo.

Rafiki yake Knuckles aliishi muda mrefu zaidi. Alitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka wa 1998, na mwaka wa 2004 barabara moja ya Chicago ikapewa jina lake. Alifariki mwaka wa 2014. Levan hakupata lolote la namna hiyo katika uhai wake. Mwaka wa 2000 ilitolewa rekodi ya nyimbo alizopiga ukumbini mwaka wa 1979, na mwaka wa 2004 jina lake likaingizwa katika orodha ya mashujaa wa muziki wa densi wa Marekani. Nyingi kati ya zile nyusiku zake zimepotea kabisa, kama linavyopotea somo zuri ambalo hakuna aliyeliandika.

Sasa narudi kwa yule msomaji niliyemwomba anivumilie. Ni kweli kwamba hakuna cha kupendekeza iwapo hakuna mtunzi, na mtunzi apewe heshima yake na ujira wake kwanza. Lakini mtunzi huandika ili asikilizwe, na kati yake na msikilizaji pana bonde pana ambalo mara nyingi hufukiwa na watu wasiotajwa: mhariri, mkutubi, mtangazaji, mwalimu, mcheza santuri. Tukiwadharau hao kwa hoja kwamba hawakutunga, tutabaki na nyimbo nzuri zilizolala upande wa pili wa santuri.

Basi nawashauri walimu wenzangu jambo dogo lisilohitaji bajeti. Mara moja kwa muhula, kila mwanafunzi na alete darasani wimbo mmoja aupendao kwa dhati, uwe wa taarabu, wa benga, wa Injili, wa disko au wa vinanda vya umeme. Auchezeshe wote bila ya kukatizwa, kisha aeleze kwa Kiswahili sanifu ni kitu gani ndani yake kinachomvuta. Kusema kwamba ni mzuri tu hakutoshi. Ataje besi, sauti, mpangilio wa maneno, mahali pa kimya. Na wenzake wasiruhusiwe kucheka kabla ya kuusikia mara ya pili. Katika zoezi hilo watajifunza uhakiki pasipo kuogopa neno lenyewe, na huenda yule mtoto wa nywele za rangi ya chungwa, anayekaa nyuma kabisa, akapata siku yake ya kusikilizwa.

Nawe mwanafunzi, zichukue sehemu mbili za maisha haya kwa pamoja, wala usiitenge moja na nyingine. Lipende jambo kama Levan alivyozipenda nyimbo, mpaka uudhike kwa sababu ya vumbi. Lakini usiutoe uhai wako kwa kitu kitakachokufanya uyauze yale uyapendayo.

Naam, chema chajiuza, walisema wahenga, nao walikuwa na sababu zao. Huenda katika soko dogo la kijijini, ambako kila mtu huona kila kikapu, chema kilijiuza kweli. Katika soko la leo vikapu ni vingi na makelele ni mengi. Ukikiona chema, kitembeze.